Mzimu wa Watu wa Kale bila kurasa za mwisho, nifanyeje?

Wakala wa Tiketi, Tanga
Wadau, yamenikuta. Juzi nilinunua Mzimu wa Watu wa Kale, ile riwaya ya upelelezi, kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandika turubai jirani na stendi. Elfu tatu, nikajua nimeokota dodo. Nimekisoma kati ya basi na basi: abiria ananiuliza la Lushoto linatoka saa ngapi, mimi niko Unguja na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Inspekta Seif anahangaika na kifo cha Bwana Ali. Jana nageuza ukurasa nimjue muuaji, hamna kitu! Zimenyofolewa, imebaki gundi na uzi unaning'inia. Jamaa wa turubai ananiambia, "Mwisho si unabuni mwenyewe?"

Jina la muuaji msinitajie. Nataka kujua nitapata wapi nakala nzima, na baada ya hapo nisome kipi. Jamaa anacho pia Kosa la Bwana Msa; hicho kurasa nimezihesabu.

Bi Mkubwa wa Michenzani
Pole mwanangu. Jaribu maktaba ya mkoa. Kitabu hicho kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58, kikachapwa 1960, hawakosi kuwa nacho.

Lakini Kosa usikiguse! Kile ni cha 1984, kiache mwisho kabisa. Mtu ambaye hajazoea kumwona Bwana Msa akipatia, hilo neno "kosa" litamchoma vipi? Shika kwanza Kisima cha Giningi cha 1968. Sisi wa Unguja tumelelewa tukitishwa na Giningi, mji wa wachawi. Ukiutaja baada ya magharibi bibi anakuziba mdomo kwa kiganja. Hicho nilikisoma mchana tu.

Na usome na penseli. Mwandishi mwenyewe, Muhammed Said Abdulla, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kushika uhariri wa gazeti, na mimi husema ndiyo maana anazijua nyumba za watu mpaka uani. Kwake usihangaike sana na nyayo na damu. Tazama nani mtoto wa nani, nani aliwahi kumuoa nani. Mimi huchora ukoo nyuma ya jalada, wajukuu wananicheka.

Kijana wa Joram
Shikamoo Bi Mkubwa. Mie wazee wa kiko wananitia usingizi. Wakala, tafuta Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mpelelezi wa kujitegemea, mwenzake Nuru yuko ubavuni, mambo yanakwenda mbio.

Bi Mkubwa wa Michenzani
Marahaba. Joram simchukii, ila zikianza bastola mimi naruka kurasa. Nipe mtu kama Bwana Msa anayekaa kitako akafikiri, na msaidizi wake Najum wa kuuliza yale ambayo hata mimi naona haya kuuliza.

Wakala wa Tiketi, Tanga
Mrejesho: maktaba ninayo nakala! Yaani wanayo, haitoki nje, husomewa humo humo. Nimezimaliza zile kurasa nimesimama kwenye rafu, hata kiti sikutafuta. Bi Mkubwa, ile penseli ungeniambia wiki iliyopita.

Kosa nimemwachia jamaa wa turubai kwanza. Akaniuliza, "Kwani aliyeua ni nani?" Nikamwambia abuni mwenyewe.