Ufuo wa Ziwa Naivasha: kila hoteli iache njia ya umma, au tutosheke na Karagita?

Abiria wa Jumapili
Ukitoka mjini ukishika Moi South Lake Road, ziwa liko mkono wa kulia karibu njia nzima, ila huligusi. Ni seng'enge, lango la hoteli, shamba la maua, lango tena. Aliyekuja na watoto kwa matatu anabakiwa na fuo za kuhesabu, Karagita, Kamere na ile ya mjini. Hapohapo ndipo samaki wanashushwa na boti za wageni zinapakia. Nasema kila mwenye kiwanja aache kichochoro cha mita 3 kinachofika majini. Mnaonaje?

Kamba ya Nanga
Nusu nakuunga mkono. Lakini kichochoro kiishie wapi? Naivasha haina mto unaotoka, kwa hiyo ufuo wenyewe unahama: mvua ikizidi maji yanapanda, kiangazi yanarudi nyuma. Mwaka 2020 yaliingia hadi kwenye nyumba za Kihoto. Halafu tuanze na hao wa fuo za umma tulizonazo, wanaopakia wageni jaketi okozi likiwa limening'inia begani kama kanga.

Kasia Kuukuu
Kama kanga? Wageni ndio wanaolifungua wapate picha. Nahodha awafunge kamba?

Mashine Kumi na Tano
Ndiyo, awafunge, na kabla boti haijasukumwa. Wanalivua kwa sababu halikuwakaa. Ndani kumeandikwa kilo; soma. Funga vifungo vyote, vuta kamba za ubavuni, kisha mwenzako alinyanyue jaketi kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. La mtoto liwe na kamba ya kupita katikati ya miguu, la sivyo jaketi litabaki juu na mtoto atateleza chini. Na mkome kuyakalia kama mito! Sponji iliyobonyea ibinye kwa vidole: isiporudi, hiyo ni nguo tu.

Kasia Kuukuu
Ahsante mwalimu. Sasa hilo jaketi litamzuia kiboko?

Mashine Kumi na Tano
Nani kasema litamzuia? Kiboko anazuiwa na nahodha kujua pa kupita. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, kwa hiyo ukijipenyeza kati yake na kina umekaa barabarani mwake. Kati ya mama na ndama usithubutu. Karibu na mafunjo unapunguza mwendo, unagonga ubavu wa boti wainue vichwa, unahesabu masikio. Ukiwa umehesabu sita na sasa unaona matano, usisogee mpaka la sita litokee.

Binti Mafunjo
Masikio huja mawilimawili, ndugu. Matano ni kiboko gani huyo?

Mashine Kumi na Tano
Haya, hesabu vichwa. Umefurahi?

Kamba ya Nanga
Mnacheka, na kinachokwamisha boti nyingi ni gugu maji. Upepo unalisukuma kwa mafungu, ulikopita asubuhi mchana pamefungwa. Propela ikinasa, kuongeza moto ndiyo kosa la kwanza. Zima kabisa, inua mashine, toa mizizi kwa mkono, safisha na matundu ya kuvutia maji, ndipo uwashe na kurudi kinyumenyume. Kisha tazama nyuma: mashine isipokojoa, yaani isiporusha maji ya kuipoza, maji hayazunguki, itaungua mkiwa katikati ya ziwa. Na upepo wenyewe huja mchana. Asubuhi maji ni kioo, baada ya saa nane yanaweza kuchafuka. Mwenye watoto aende mapema.

Binti Mafunjo
Mapema ndiyo, hata flamingo wanaonekana vizuri.

Kasia Kuukuu
Flamingo wa wapi? Naivasha ni maji baridi, si ya magadi. Waliofuatwa na picha ni wa Oloiden, kiziwa cha pale pembeni, kilipokuwa kimejitenga na maji yake yakawa ya magadi. Ukiwataka nenda Bogoria. Huku utaonyeshwa furukombe akirushiwa samaki aliyejazwa mafunjo ili aelee, mkapiga makofi.

Binti Mafunjo
Kwani furukombe anakosea kula?

Abiria wa Jumapili
Jamani, kichochoro changu. Mita 3.

Kamba ya Nanga
Kiko palepale. Ila viboko hutoka usiku kula majani, na njia safi isiyo na seng'enge wataipenda kuliko sisi. Itabidi iwe na lango, lifungwe saa kumi na mbili jioni.

Abiria wa Jumapili
Sawa, lango. Ufunguo akae nao nani?

Kasia Kuukuu
Askari wa hoteli, nani mwingine.