Kupoa kiroho huku huduma inaendelea: tunamsaidiaje mtu asiyejua kuwa amepoa?

Nyakato_Kikundi:
Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu cha nyumbani hapa Nyakato kina watu waaminifu. Kwaya hawakosi, zaka wanatoa, misibani wako mbele. Lakini ukiuliza nani amefungua Biblia wiki hii nje ya ibada, kimya. Maombi yamebaki ya chakula na ya safari. Hakuna dhambi ya wazi ya kumkemea mtu, na hapo ndipo ninapokwama. Wengine ni wavuvi wa dagaa, ratiba zao hazifanani na za wenzao. Nianzie wapi?

Mzee_Ilemela:
Amina mpendwa. Wengi hukimbilia barua ya kanisa la Laodikia, lile lililokuwa vuguvugu. Wewe anza na ya kanisa la mji wa Sardi, Ufunuo 3:1-3. Walikuwa na jina la kuwa hai. Ngome ya mji wao ilikaa juu ya miamba mikali, wakaamini hakuna awezaye kuipanda. Koreshi, mfalme wa Uajemi, akauteka katika karne ya 6 K.K. kwa askari waliopanda upande usiolindwa, na miaka zaidi ya 300 baadaye mfalme Antioko wa Tatu akaingia vivyo hivyo. Watu wa Sardi walipoambiwa "kesha", walijua kinachosemwa.

Basi mchunguze mtu pale anapojiona imara. Mwalimu wa watoto husoma ili afundishe, si ili yeye aonywe. Mfalme Uzia moyo wake ulijiinua alipokwisha kuwa na nguvu (2 Nya. 26:16).

Dawa iko Ufunuo 2:5, na ina mpangilio: kumbuka ulikoanguka, tubu, fanya matendo ya kwanza. Viongozi tunaruka mawili ya mwanzo, tunaongeza mkesha na semina. Mtu aliyepoa akiongezewa shughuli anapata mahali pengine pa kujificha.

Mama_Kirumba:
Naongeza upande wa ratiba. Usiwape mpango wa Biblia nzima kwa mwaka. Ni sura 1,189, yaani zaidi ya 3 kila siku. Wakifika Walawi wamelimbikiza deni, wanaacha kabisa na kubaki na hatia. Agano Jipya lina sura 260. Sura 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, mwaka mmoja umelimaliza, na siku 2 zinabaki za kufidia.

Kwa wavuvi, fuata mwezi. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, wako ziwani usiku kucha, mchana wamelala. Wape Zaburi moja fupi waikariri, waiombe kabla mtumbwi haujasukumwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wako nchi kavu, hapo ndipo mkae nao kwa kirefu. Kuweka kikao Alhamisi jioni mwaka mzima halafu kumwita mvuvi mvivu ni kumwonea. Ila mbalamwezi ina hatari yake pia: fedha walizovua siku za giza ziko mfukoni na kazi hakuna. Someni Kumbukumbu 8:10-14 wiki hiyo hiyo.

Fundi_Buzuruga:
Kufuatilia: wawili wawili au watatu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Waebrania 3:13 inasema kuonyana kila siku, kwa hiyo kukutana mara moja kwa mwezi hakutoshi. Hata simu ya dakika 10 inafaa. Ukiuliza "unaendeleaje kiroho?" utajibiwa "namshukuru Mungu", mazungumzo yameisha. Uliza: neno gani limekukemea wiki hii, na ulifanya nini? Umemwombea nani kwa jina? Kuna jambo gani hupendi tukuulize?

Yanayosemwa yaishie hapo. Ungamo likigeuzwa "ombi la maombi" kwenye kundi la simu, hakuna atakayefungua kinywa tena.

Na tafadhali, tofautisha kupoa na kuchoka. Aliyefiwa, mgonjwa, au mama anayenyonyesha asihukumiwe. Eliya alipotaka kufa alipewa kwanza mkate, maji na usingizi (1 Fal. 19).

Nyakato_Kikundi:
Mbarikiwe sana. Na asiyetaka kuwekwa na mwenzake?

Mzee_Ilemela:
Usimlazimishe. Mkabidhi mtu mmoja wa kumwombea kwa jina, kisha baada ya wiki mbili muulize amemwombea nini. Kama ni kiongozi wa ibada na bado anakwepa, nenda kwake peke yako kwanza, halafu ndiyo mwende wote wawili kwa mchungaji.