Takwimu digrii ya kwanza, mtu anasoma nini hasa?

pcm_moshi: Habari zenu wakuu. Nimemaliza fomu siksi hapa Moshi, PCM (fizikia, kemia na hesabu), hesabu nazipenda kweli ila mzee anasema digrii ya hesabu mwisho wake ualimu tu. Nafikiria takwimu, huko wanasoma nini?

njiro_kwetu: Dogo, mwaka wa kwanza ni kalkulasi na matriksi (majedwali ya namba), usishtuke, bila integresheni ya kwenye kalkulasi probabiliti (hesabu za uwezekano) huielewi, bila matriksi rigresheni (kupima kitu kimoja kinavyobadilika na kingine) utaikariri tu. Baadae ndo inanoga. Mfano una mbolea tatu unataka kujua ipi inaifaa kahawa, sasa shamba la mlimani juu baridi chini joto, kwa hiyo unaligawa vitalu vya kukata mteremko, cha juu, cha kati na cha chini, kila kitalu kinapata mbolea zote tatu kwa kura, hapo mteremko haukudanganyi. Hayo Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, aliyajenga kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi 1919.

dada_sakina: Na anza kujifunza R sasa hivi, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni ya bure na laptop ya kawaida inatosha. Mimi programu ilinitesa kuliko hesabu zenyewe.

pcm_moshi: Asanteni sana. Mzee ana kahawa na migomba Kibosho, hiyo ya vitalu namweleza leo leo jioni.