Naombeni ushauri: mnada wa umeme wa upepo wa baharini

Hamjambo wakuu. Niko hapa Nairobi, nimepewa kazi ya kuandika mapendekezo ya jinsi serikali inavyoweza kununua umeme wa upepo wa baharini kwa mnada, badala ya kujadiliana na mwekezaji mmoja mmoja.

Nimeanza na Uingereza. Mnada wao wa 2023 uliweka bei ya ukomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo mwekezaji angeweza kuomba, ya pauni 44 kwa megawati-saa, kwa thamani ya pesa ya 2012, na hakuna hata mradi mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza. Gharama za vifaa na riba zilikuwa zimepanda, ukomo ukabaki chini. Kwa mnada wa mwaka uliofuata wakaupandisha hadi 73, wawekezaji wakarudi.

Hilo nimelielewa. Ninapokwama ni huku kwetu. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kusafirisha umeme wake, ya Loiyangalani hadi Suswa, ikakamilika 2018, na fidia ya ucheleweshaji ikatuangukia sisi wananchi. Baharini kebo ni ghali zaidi, kwa hivyo naliogopa sana jambo hili. Nimeisoma Sheria ya Nishati ya 2019, bado sijaridhika.

Naomba kujua: kebo ya kufikisha umeme nchi kavu aijenge nani, na hati za zabuni ziseme nini ikichelewa? Pili, malipo yakiwa kwa dola, bei iliyoshinda ipandishwe kwa kipimo gani bila kumuumiza mteja? Waliowahi kuandaa mikataba ya kuuziana umeme, tafadhali nisaidieni.