RDP (Remote Desktop ya Windows) wazi kwenye intaneti: kubadilisha poti kunatosha?

Kipanga: Wakuu, kompyuta ya kazini ni Windows 10 Pro, na ruta inaielekezea poti 3389 moja kwa moja. Event Viewer imejaa tukio 4625 (jaribio la kuingia lililoshindwa) usiku kucha. Nikihamishia RDP kwenye poti nyingine inatosha, au lazima handaki (tunnel, njia iliyosimbwa ya kupitishia RDP)?

NywilaNdefu: Haitoshi mkuu. Skana (programu za kutafuta poti zilizo wazi) hupitia poti zote 65,535, utapunguza kelele kwenye logi tu. RDP yenyewe tayari imesimbwa kwa TLS, kwa hiyo shida si kusomwa njiani. Shida ni kwamba yeyote anaweza kubisha hodi. BlueKeep, udhaifu wa RDP wa 2019, haikuhitaji nywila kabisa. Funga 3389 kwenye ruta leo hii, mengine yafuate.

fundi_sshd: Njia isiyo na gharama ni SSH (muunganisho uliosimbwa wa kuingia mashine ya mbali). Washa OpenSSH Server kwenye Optional Features (ipo tangu toleo 1809), tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, kisha ruta ielekeze poti 22 badala ya 3389. Ukiwa nje:

`ssh -N -L 13389:127.0.0.1:3389 jina@anwani`

Acha dirisha hilo wazi, fungua mstsc (programu ya Remote Desktop), andika `127.0.0.1:13389`. Usitumie 3389 upande wako: mstsc huenda ikakataa ikidhani unajiunganisha na mashine yako mwenyewe. Onyo la cheti litatokea kwa sababu jina halilingani na 127.0.0.1, ni kawaida. Muunganisho ukikatika ukikaa kimya, ongeza `-o ServerAliveInterval=30`.

Kipanga: Nimeweka ufunguo kwenye `.ssh\authorized_keys`, bado inaniomba nywila.

fundi_sshd: Akaunti yako ni ya Administrators, sivyo? Hao faili lao ni `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`, lile la kwenye folda yako halisomwi kabisa. Ruhusa zake ziwe za Administrators na SYSTEM tu. Akiwemo mwingine, sshd (seva ya SSH) inalipuuza bila kukuambia kitu. Ufunguo ukikubali ndipo uweke `PasswordAuthentication no` kwenye sshd_config, juu ya mstari wa `Match Group administrators`, halafu `Restart-Service sshd`. Ukiiacha nywila, umehamisha tatizo la 3389 kwenda 22.

Bi_Pakiti: SSH inabeba TCP peke yake, na RDP ya kisasa hupenda UDP pia. Laini ikiwa inapoteza pakiti, picha itakwama-kwama. Hapo mimi ningechagua WireGuard, aina ya VPN: poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, na haijibu chochote kwa asiye na ufunguo, hivyo skana haioni kitu. Weka `PersistentKeepalive = 25` upande ulio nyuma ya NAT (ruta inayoficha anwani za ndani), na AllowedIPs iwe anwani ya ile mashine tu, `/32`. Ukiona unaingia kisha skrini inabaki nyeusi, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kwanza: shusha kutoka 1420 hadi 1280, ujaribu tena.