Marekani ilibadilishwa na walioandamana au na waliotia saini?

Kigoda cha Mvule (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina mjomba anayeshikilia kwamba haki walizonazo weusi na wanawake wa Marekani walipewa na wanasiasa wenye busara. Ushahidi wake ni rais Lyndon Johnson: Sheria ya Haki za Kiraia 1964, ya kupiga kura 1965, ya makazi 1968, zote sahihi yake. Mimi nakataa. Mji wa Montgomery weusi waligomea mabasi yaliyowabagua siku 381, wapishi na madobi wakienda kazini kwa miguu au kwa magari ya kuchangiana. Selma, Machi 7, 1965, askari waliwatwanga waandamanaji wa haki ya kura kwenye daraja la Edmund Pettus, nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Agosti 6 Johnson akasaini sheria ya kura. Miezi mitano tu! Hiyo busara ilikuwa imelala wapi miaka yote ya nyuma? Karibuni, ila matusi hapana.

Kipanga wa Minnesota
Mleta mada umeruka kipengele. Mabasi ya Montgomery hayakukombolewa na miguu, yalikombolewa na kesi ya Browder v. Gayle. Novemba 1956 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kubagua abiria ni kinyume cha katiba, mgomo ukaisha mwezi uliofuata. Na majaji wakitoa, wanachukua pia. Mwaka 2013 waliidhoofisha sheria ya kura ya 1965, 2022 wakafuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973. Barabara zilijaa watu, ilisaidia nini?

Halafu tuseme ukweli. Hawa weusi wa huku wameshapewa kila kitu. Mimi nilitua na begi moja, leo nina nyumba na magari mawili. Wao miaka 60 ni kulalamika tu.

Binti Kisauni
Nilikuwa napita tu kimya kimya lakini hapo mwisho umenitoa mafichoni. Kaka Kipanga, hilo begi moja lilipita mlango gani? Kabla ya 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani ilipanga watu kwa asili ya taifa. Waingereza na Wajerumani walitengewa makumi ya maelfu, nchi ya Kiafrika 100 kwa mwaka. Mia moja, nchi nzima! Mfumo huo ulifutwa Oktoba 1965, miezi miwili baada ya sheria ya kura, kwa sababu baada ya Selma ilikuwa aibu kupinga ubaguzi ndani ya nyumba huku umeuacha mlangoni. Hao unaowaita walalamikaji ndio waliokufungulia.

Kipanga wa Minnesota
Dada punguza povu. Mimi nilishinda bahati nasibu ya grinkadi. Hiyo ni sheria ya 1990, Martin Luther King alikuwa kaburini miaka 22. Na kama hujui, wabunge walioisukuma walikuwa wanawatafutia njia Waairishi, si mimi wala wewe. Kwa hiyo shukrani zangu nampelekea Muairishi.

Nusu Kanzu
😂😂 Muairishi apewe maua yake.

Binti Kisauni
Mpelekee. Ila jiulize kwa nini bahati nasibu ya Waairishi ilibidi iwe wazi kwa Mtanzania na Mkenya. Kwa sababu baada ya 1965 hakuna mbunge aliyethubutu kusimama na kusema "hii ni ya wazungu tu". Ilibidi waifunike kwa maneno mazuri, na wewe ukapenya humo.

Mtumwa wa Hesabu
Namuunga mkono Kipanga kwenye hoja ya kwanza, hiyo ya nyumba simo. Sheria ya 1964 inakataza kubagua wafanyakazi kwa jinsia. Unajua hilo neno liliingizwa na nani? Howard Smith, mbunge wa Virginia, mbaguzi wa kutupwa aliyekuwa anaipinga sheria yenyewe. Wanawake wa Marekani wakapata haki ya kazi kwa fitina za Bungeni. Maandamano yako wapi hapo?

Mama Wawili
Mtumwa, kuandikwa kwenye karatasi ndiyo kupata? Tume iliyoundwa kuisimamia ilikipuuza kile kipengele. Magazeti yaliendelea kuchapa kurasa mbili za ajira, hii ya wanaume, hii ya wanawake. Ndiyo maana 1966 wanawake wakaunda chama chao, NOW, wakaanza kuisumbua hiyo tume. Na mkopo je? Hadi 1974 benki iliweza kumwambia mwanamke mwenye mshahara wake alete sahihi ya mume. Smith alitia neno, wanawake wakatia jasho. Na siku ile kuna wabunge wanawake waliosimama kulitetea lile neno wakati wenzao wanacheka, mbona huwataji?

Nusu Kanzu
Sahihi ya mume kwa mkopo mbona hata huku...

Mama Wawili
Nusu Kanzu nyamaza.

Sauti ya Jangwani
Mbona mnaikwepa hukumu ya 2015 ya ndoa za jinsia moja? Na hiyo nayo mnaiita maendeleo?

Kigoda cha Mvule (mleta mada)
Anzisha uzi wako mkuu, huu utafungwa.

Dereva wa Colfax
Nimesoma mpaka hapa, kila mtu anamtaja rais na jaji. Mimi naendesha basi la jiji Denver. Pale makutano ya barabara za Colfax na Broadway, Julai 1978, watu 19 walemavu waliyazingira mabasi mawili na viti vyao vya magurudumu, wakalala barabarani usiku kucha, kwa sababu mabasi hayakuwa na namna ya kuwapandisha. Leo nikifika kituoni nabonyeza kitufe, basi linainama upande wa mlango, ubao unateremka, mtu anapanda, namfunga kiti kwa mikanda minne, abiria wengine wanasubiri. Hakuna anayeguna. Na ubao huohuo unampandisha mama mwenye mtoto kwenye kigari na mswahili mwenye mabegi ya kwenda nyumbani. Machi 1990 wenzao waliacha viti chini wakapanda ngazi za Bunge kwa kutambaa, Julai rais Bush mkubwa akasaini sheria ya haki za walemavu. Mjomba wa mleta mada atasema ni busara ya Bush.

Kipanga wa Minnesota
Kumbe dereva wa basi. Kwenye ule uzi wa mishahara si ulisema uko kwenye kompyuta?

Dereva wa Colfax
Basi lina kompyuta. Na wewe uliyejimwambafai na nyumba, siku zile ulisema unalea wazee usiku. Wote tunabeba boksi hapa, tuheshimiane.

Binti Kisauni
Tena nyumba yenyewe Minnesota! Kipanga, hati za zamani za viwanja Minneapolis zimejaa kifungu kinachokataza kumuuzia au kumpangisha mweusi. Wakati wazungu wananunua kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali na nyumba zinapanda thamani, mweusi alizuiwa hata kuuliza bei. Kifungu hicho kilipigwa marufuku na ile sheria ya makazi ya 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya King kuuawa na miji kuwaka moto. Wewe umekuta kikombe kimeoshwa, unamcheka aliyeosha.

Kipanga wa Minnesota
Nyumba yangu imejengwa 2004, haina hati ya kibaguzi. Na nikisimamishwa na polisi usiku hawaniulizi nilitua lini, wananiona mweusi tu, hilo nalijua bila kufundishwa. Lakini sitaki kuambiwa nyumba yangu ni zawadi. Niliilipia kwa zamu za usiku.

Mtumwa wa Hesabu
Hakuna aliyesema zawadi.

Kipanga wa Minnesota
Huyo wa Kisauni kasema.

Binti Kisauni
Nilisema mlango. Rudi ukasome.

Kigoda cha Mvule (mleta mada)
Jamani, Browder v. Gayle haijajibiwa. Ile kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanawake wanne waliofukuzwa vitini kwenye mabasi hayohayo, mmoja Claudette Colvin, aliyekamatwa akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, yule ambaye kukamatwa kwake ndiko kulikoanzisha mgomo. Jaji hakuota usiku akaamka na hukumu.

Nusu Kanzu
Dereva, huko kwenye mabasi wanaajiri?

Dereva wa Colfax
Kila mwezi. Leseni ya gari kubwa unayo?

Nusu Kanzu
Ninayo ya bodaboda 😂 Nipo Mbagala lakini, nasubiri matokeo ya Muairishi.

Kipanga wa Minnesota
Dereva, mimi niko serious. Hizi zamu za usiku zimenichosha. Wanalipa wakati wa mafunzo?

Dereva wa Colfax
Wanalipa. Njoo chemba.