Pijo 504 au Land Rover 109: gari la maana la barabara zetu lilikuwa lipi?

Wakuu, wapenzi wa magari ya zamani wakikutana hoja ni ile ile: Land Rover ndiyo iliyofika kila kijiji, Pijo ilikuwa ya mabosi na lami. Mimi napinga.

Tuelewane kwanza. Nasemea Land Rover 109 Series III ya petroli, iliyotengenezwa 1971 hadi 1985, na 504 stesheni wagoni, ile ya safu tatu za viti.

Kwa mwendo hakuna mashindano. Land Rover ina injini ya cc 2,286 inayotoa kama nguvu farasi 70, inasukuma bodi iliyonyooka kama kabati. Ikikaribia kilomita 100 kwa saa, kuongea na aliyekaa nyuma ni kupiga kelele. 504 ya cc 1,971 inazidi farasi 90, na mafuta inakunywa kwa adabu.

Lakini ugomvi wangu hasa ni rafu rodi. Land Rover imekalia springi za mabamba mbele na nyuma. Kwenye matuta madogo madogo ya changarawe inarukaruka, na abiria wa mabenchi ya pembeni, magoti yakigongana, wanatafuta pa kushika. 504 ina springi za koili ndefu, na stesheni wagoni nyuma imewekewa mbili kila upande kwa ajili ya mzigo. Unaijaza, inainama kidogo, inakwenda.

Ushahidi ni Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Pijo 404. Ove Andersson akashinda 1975 kwa 504, Jean-Pierre Nicolas 1978 kwa 504 V6 coupé, ile ya milango miwili. Najua mtasema zile ziliandaliwa kiwandani. Sawa, ila njia zilikuwa kama hizi hizi zetu, vumbi na tope, na zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Kwenye udongo mweusi wakati wa masika nanyoosha mikono. Dereva wa Land Rover anabonyeza kitufe cha njano, magurudumu ya mbele yanashika. Akivuta ile lever nyekundu anapata gia nzito na kutoka taratibu. Pijo hapo inasubiri trekta. Hata kwao Ufaransa waliliona pengo hilo, kampuni ya Dangel ikaanza kuigeuza 504 kuwa ya magurudumu manne. Ila tope lina msimu wake, petroli unanunua mwaka mzima.

Kwa fundi, Land Rover ni rahisi: karibu kila kitu ni bolti na spana. Bodi yake ya aluminiamu haioti kutu, watu wanasahau kuwa chesisi ni chuma, na hewa ya chumvi ya pwani inaitafuna kimya kimya. Ugonjwa wa 504 ni joto. Silinda hedi yake ni aluminiamu. Ukiendesha bila kuangalia maji ya rejeta, gasketi inaungua na hedi inapinda. Hilo ni kosa la gari na la dereva pia, silitetei.

Wa Land Rover, mkijibu msirudie tope, nimeshakubali. Nijibuni hili: Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, kiangazi, kabla ya lami, mna watu saba na mizigo yao. Mngepanda ipi?